Fundi Viatu wa Nuremberg: Somo juu ya Furaha ya Kutengeneza

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku pasipo kulitambua, nalo ni furaha ipatikanayo katika kutengeneza kitu. Hatusemi furaha ya kuwa na kitu, wala furaha ya kusifiwa kwa ajili yake. Twasema ile furaha ya mtu aliye na kazi mkononi, akatia ndani yake jambo dogo lililotoka katika fikira zake mwenyewe. Mwanamke asuka ukili, akabadili mpango wa rangi. Seremala achonga mguu wa kiti, akaupa umbo zuri kuliko ulivyohitaji. Mwalimu aona watoto hawakufahamu somo la jana, akatafuta mfano mpya, akaupata njiani.

Twaliandika somo hili kwa kuwa twaona hatari mbili. Vijana wetu wengi, wakiisha kusoma, hudhani ya kuwa kazi ya mikono ni ya wasiosoma. Tena wako watu wazima wengi wadhanio ya kuwa kubuni ni kipawa cha wachache waliozaliwa nacho, na sisi wengine fungu letu ni kutumia yaliyobuniwa na hao. Mawazo haya mawili ni mapacha, na yote mawili hutunyang'anya mali yetu. Maana mtu asiyetia fikira zake katika kazi yake, hata kazi ikiwa nyepesi, jioni huiona siku kuwa mzigo. Waalimu na wainjilisti wenzetu walijua neno hili. Mtu aweza kufundisha somo lile lile kwa maneno yale yale miaka kumi, mpaka yakamkauka kinywani, naye hajui kwa nini amechoka.

Basi, ili somo lisiwe la maneno matupu, na tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zimeandikwa wazi. Jina lake ni Hans Sachs, naye alikuwa fundi viatu.

HABARI ZAKE

Hans Sachs alizaliwa tarehe 5 Novemba mwaka 1494 katika mji wa Nuremberg, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mshona nguo. Mtoto alipopata miaka 7 alitiwa katika shule ya Kilatini, lakini hakuendelea kuwa mtu wa vyuo. Mwaka 1509 alipewa fundi ili ajifunze kushona viatu. Alipokwisha kujifunza alifuata desturi ya mafundi vijana wa nchi ile, yaani kusafiri mji kwa mji na kufanya kazi kwa mafundi mbalimbali, apate kuona mengi. Safari hiyo ilichukua miaka kama mitano. Kisha akarudi kwao, akaoa mwaka 1519, na mwaka 1520 alikubaliwa kuwa fundi kamili.

Katika mji ule palikuwa na chama cha kutunga na kuimba nyimbo. Wenye chama hawakuwa watu wa majumba ya wafalme wala wataalamu wa vyuo vikuu. Walikuwa wafumaji, waoka mikate, washona nguo, wahunzi, watu waliokutana siku ya mapumziko baada ya juma zima la kazi. Naye aliyemfundisha Hans Sachs kutunga alikuwa mfuma kitani, jina lake Lienhard Nunnenbeck.

Sheria za chama zilikuwa kali. Waamuzi walikaa nyuma ya pazia, wakamsikiliza mwimbaji, wakaandika makosa yake: kina kilichopotea, mizani iliyozidi, sauti iliyoteleza. Tena palikuwa na daraja. Aliyejua kuimba nyimbo za wengine aliitwa mwimbaji. Aliyetia maneno mapya katika sauti ya zamani aliitwa mshairi. Bali jina la bwana fundi lilikuwa la yule aliyetunga maneno mapya pamoja na sauti mpya. Tuiangalie sana desturi hii. Watu wale hawakumwona fundi wa nyimbo kuwa mtu wa namna nyingine. Walimfikiri kama walivyomfikiri fundi wa viatu: hujifunza, hujaribiwa, kisha hutoa kilicho chake.

Maandiko ya Martin Luther yalipoanza kuenea, Hans Sachs aliyatafuta na kuyasoma, hata mwaka 1522 alikuwa amekusanya vitabu vyake 40. Siku zile alitunga machache tu. Kisha mwaka 1523 akatoa utenzi mrefu, akimfananisha Luther na ndege aimbaye usiku hata kunapambazuka, na utenzi huo ulimfanya ajulikane mbali na mji wake.

Mwaka 1567, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alifanya hesabu ya yote aliyoyatunga. Alikuta vitabu 34 alivyoviandika kwa mkono wake. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za chama zaidi ya 4,000, na michezo ya kuigiza zaidi ya 200, na mashairi na hadithi za mashairi nyingi. Jumla ilipita 6,000. Akafa tarehe 19 Januari mwaka 1576.

Sasa na tuulize: mtu huyu atufundisha nini sisi, tulio na jembe, na sufuria, na chaki, na shazia ya kushonea mikeka?

NENO LA KWANZA: HAKUNGOJA KUIACHA KAZI YAKE

Wengi wetu husema, Ningalikuwa na nafasi, ningalitengeneza kitu. Nafasi hiyo twaiweka mbali, ng'ambo ya mavuno, ng'ambo ya ada za shule, ng'ambo ya uzee. Hans Sachs hakungoja siku ya kuweka chini ngozi na sindano ndipo aanze kutunga. Aliishi kwa viatu, na hata leo jina lake latajwa pamoja na kazi yake: fundi viatu na mtunzi. Kazi ya mikono haikumzuia. Labda hata ilimsaidia, maana mikono ikiisha kuijua kazi, fikira huwa huru kutembea.

Luther mwenyewe hakuidharau kazi ya mikono, ijapokuwa alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Katika miaka ya 1520 alimwandikia rafiki yake aliyekaa huko huko Nuremberg ampelekee vyombo vya kukereza mbao, akajaribu kujifunza kazi hiyo pamoja na mtumishi wake. Na katika Maandiko twasoma habari za Besaleli, aliyejazwa hekima kwa ajili ya kazi ya dhahabu na shaba, na kuchonga mawe na miti. Twasoma pia habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane hawakusimulia hotuba zake, bali walionyesha nguo alizowashonea.

Kwa hiyo mtu asiseme ya kuwa elimu imemtoa katika kazi hizi. Aliyejifunza kusoma amepewa chombo kimoja zaidi. Hakuamriwa kuvitupa vile vingine.

NENO LA PILI: ALIJIFUNZA KIPIMO KWANZA

Wako wadhanio ya kuwa kubuni ni kufanya kila mtu apendavyo. Mwenye kusuka mkeka ajua ya kuwa sivyo. Ukindu hukatwa ungali mchanga, huchanwa nyuzi nyembamba, huanikwa, na sehemu yake hutiwa rangi. Kisha husukwa ukili, utepe mrefu, nao ukiisha kutosha huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Msukaji asipolinganisha upana wa nyuzi, ukili huenda kombo. Akikosea hesabu mahali pamoja, maua yaliyokusudiwa kukutana hayatakutana, na kosa lile litaonekana mkeka utakapotandikwa mbele ya wageni.

Lakini mtazameni msukaji aliyekwisha kuijua hesabu hiyo. Hatazami tena vidole vyake. Azungumza na jirani, amwangalia mtoto, na mikono yaenda. Ndipo siku moja husema moyoni, Nikitia wekundu hapa mahali pa weusi, itakuwaje? Ajaribu, afumua, ajaribu tena. Mkeka ule ukitandikwa, wenzake huinama na kuuliza, Umefanyaje? Furaha ya saa ile hailetwi na kukaidi kipimo, wala haimfikii asiyekijua. Humjia aliyekitumikia kipimo muda mrefu hata kikawa mtumishi wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa waimbaji wa Nuremberg na waamuzi wao nyuma ya pazia. Na ndivyo ilivyo kwa wafinyanzi wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao hununuliwa katika masoko ya mbali, na kwa wasukaji wa vikapu vya milulu katika nchi ya Iringa. Sura ya chombo wameipokea kwa mama zao, walakini fundi mzoefu aweza kuitambua kazi ya mwenzake kama tutambuavyo mwandiko wa mtu.

Basi kijana akitaka kubuni, na akubali kwanza kuwa mwanafunzi. Na fundi akimfundisha kijana, asimzuie siku zote katika kuiga. Iko siku ya kumwambia, Sasa weka na lako.

NENO LA TATU: ALIFANYA KIDOGO, LAKINI KILA JUMA

Tungo zaidi ya 6,000 ni hesabu ya kuogofya. Lakini tukiigawanya kwa miaka zaidi ya 50 aliyotunga, twapata yapata mbili kila juma. Hiyo si kazi ya majitu. Ni kazi ya mtu aliyerudi tena na tena mahali pale pale, jioni kwa jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena tuseme kweli, tungo hizo zote hazikuwa nzuri. Nyingi hazisomwi leo ila na wataalamu. Lakini asingalitunga zile za kawaida, zile nzuri zisingalipatikana. Wengi wetu hushindwa hapa. Twataka wimbo wetu wa kwanza uwe wa kuimbwa na kwaya zote, na usipokuwa hivyo twaacha. Mpishi hafanyi hivyo. Mchuzi ukizidi chumvi leo, kesho hupika tena, kwa kuwa watu watakula kesho. Na ipokeeni kazi ya kubuni kwa moyo huo wa mpishi.

Neno jingine: aliandika na kuhesabu. Mwalimu apataye mfano mzuri asipouandika, baada ya mwezi umepotea. Daftari dogo latosha.

NENO LA NNE: FURAHA YAKE HAIKUTEGEMEA SIFA WALA RAHA

Msidhani ya kuwa mtu huyu alitunga kwa kuwa maisha yake yalikuwa laini. Mwaka 1527 alitoa kitabu kidogo pamoja na mhubiri wa mji, na baraza la mji likachukizwa. Likamwamuru aangalie kazi yake ya viatu, aache kupiga chapa vitabu na mashairi. Fikirini aibu ya neno hilo kwa mtu anayeheshimiwa. Alitii kwa muda, lakini kalamu haikutupwa, na baadaye akapiga chapa tena.

Huzuni za nyumbani zilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mkewe Kunigunde alimzalia watoto saba, nao wote walikufa kabla ya baba yao. Mwaka 1560 mkewe naye akafa. Hatuwezi kusema ya kuwa nyimbo ziliiondoa huzuni hiyo. Hakuna wimbo uwezao kumrudisha mtoto. Lakini twaona ya kuwa mtu aliyezoea kutengeneza ana mahali pa kuiweka mikono yake siku za msiba. Hata kwetu twalijua jambo hili. Mjane akaaye kimya mwezi mzima, siku moja huomba apelekewe ukindu, na jamaa huonana macho, kwa maana wajua ya kuwa ameanza kurudi kwao.

Na sifa je? Zile nyimbo zaidi ya 4,000 za chama hakuzitia katika vitabu vyake vilivyopigwa chapa. Aliziacha ziwe za kuimbwa na wenzake. Baada ya kufa kwake, wenye elimu waliofuata walimcheka muda mrefu, wakaona mashairi yake ni mashairi ya kishonaviatu. Imekuwa mwaka 1776 ndipo Goethe, mshairi mkuu wa Kijerumani, akaandika shairi la kumheshimu. Na mwaka 1868 Richard Wagner alimtia katika mchezo wake wa kuimbwa juu ya chama kile cha waimbaji. Heshima hiyo ilifika miaka 200 baada ya mwenyewe kulala kaburini. Kama furaha yake ingalingoja heshima hiyo, angalikufa pasipo furaha. Lakini alikwisha kuipata mezani pake, kila kina kilipokubali kukaa mahali pake.

NENO LA KUONYA

Yatupasa kuonya pande mbili. Kwanza, somo hili lisiwe fimbo ya kuwapigia waliochoka. Mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo, akachota maji, akalima, akapika, akaosha watoto, tusimwambie, Furahi katika kazi yako, nasi tumekaa. Akitaka kuipata furaha hii ahitaji saa moja iliyo yake, na saa hiyo haitashuka yenyewe. Mumewe na wanawe na wamchukulie ndoo. Hiyo nayo ni kazi ya mikono.

Pili, iko mithali isemayo, Mfinyanzi hulia gaeni. Vyungu vizuri vyote vimekwenda sokoni, na mwenyewe amebaki na kigae. Kuuza si vibaya, maana watoto wahitaji ada na nguo. Lakini mtu akitengeneza kwa soko tu, mwisho hutengeneza kile tu kinunuliwacho upesi, na mkono wake hausemi tena neno lake. Mfinyanzi na aweke chungu kimoja nyumbani mwake, alichokifinyanga apendavyo, ale humo.

Siku hizi mikeka ya plastiki hutoka viwandani, ya rangi kali na bei nafuu, nasi hatuwalaumu wanunuao. Lakini mahali ambapo kila kitu kimenunuliwa tayari, mtoto hukua asimwone mtu mzima akijaribu, akikosea, akifumua na kuanza tena. Atajifunza wapi ya kuwa vitu hutengenezwa na watu, na ya kuwa yeye naye ni mtu?

KWA WAALIMU NA WAINJILISTI

Someni somo hili pamoja na watu wenu, kisha msiishie katika kuzungumza. Kila mmoja na achague kazi moja anayoifanya kila juma, iwe kupika, kufuma, kulima bustani, kuandika barua, kufundisha au kufagia ua. Na atie jambo moja dogo ambalo hajalitia bado, akilishika kipimo cha kazi ile. Baada ya majuma manne kutaneni, kila mtu alete alichokifanya au akisimulie. Asiyefaulu naye na alete, tena aanze yeye, ili wenye haya wapate moyo. Wala msitoe zawadi. Tazameni tu, na kuulizana, Umefanyaje? Neno hilo ladhihirisha ya kuwa mwenzako ameiona kazi yako, nalo latosha kuwa taji.

Maswali ya kuzungumza:

1. Katika kijiji chetu ni nani ajulikanaye kwa kazi ya mikono yake, na ni nani anayejifunza kwake sasa?

2. Ni kazi gani uliyoipenda ulipokuwa mtoto, ukaiacha ulipoenda shule? Kwa nini uliiacha?

3. Waimbaji wa Nuremberg walitofautisha mwimbaji, mshairi na bwana fundi. Katika kazi yako mwenyewe umefika daraja gani, na hatua ya mbele ni ipi?

4. Nani nyumbani mwako hana hata saa moja iliyo yake? Utamchukulia kazi gani juma hili?

Ndugu, viatu alivyovishona Hans Sachs vilichakaa zamani, na nyimbo zake nyingi zimesahauliwa. Siku alizozitumia hazikupotea, kwa kuwa alikuwamo ndani yake mwenyewe, kwa mikono na kwa fikira. Nasi tuzitumie zetu vivyo hivyo, kila mtu mahali alipo, kwa chombo alicho nacho.